Askofu Alexander Muge na Safari ya Busia

Tunapoadhimisha jubilii ya kwaya yetu, tunamkumbuka Askofu Alexander Kipsang Muge, mzaliwa wa Nandi. Alikuwa askari wa GSU kabla ya kuitikia wito wa Mungu. Mwaka 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret, ambayo wakati huo ilihudumia pia Kitale. Alikemea unyakuzi wa ardhi, na akatangaza njaa ya Pokot Magharibi ilhali wakubwa waliikanusha.

Agosti 1990, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani asikanyage Busia, la sivyo huenda asitoke hai. Muge alikwenda, akahubiri. Tarehe 14, akirudi, gari lake liligongana na lori la maziwa huko Kipkaren, akafariki. Hadi leo maswali hayajaisha.

Sisi wa Bungoma na Kitale tunaoijua barabara hiyo tunajifunza kwamba Bwana hakutuahidi kufika nyumbani salama kila safari; alituahidi kuwa pamoja nasi. Ndiyo maana hata matangani, kabla majibu hayajapatikana, tunaimba.