Norman Ross: Bingwa wa kuogelea aliyehamia redioni

NORMAN Ross alipata umaarufu mara mbili, kwanza kwa mikono, kisha kwa sauti, na huo wa pili ndio uliomlisha.

Alizaliwa mwaka wa 1896 mjini Portland, Marekani, akasomea Chuo Kikuu cha Stanford. Alikuwa pande la mtu. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka jeshini, na vilipokwisha aling'ara mjini Paris mwaka wa 1919 katika mashindano ya wanajeshi wa mataifa yaliyokuwa washirika vitani.

Mwaka uliofuata alielekea Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji. Kikosi cha Marekani kilipakiwa katika meli ya jeshi, Princess Matoika, iliyokuwa imetoka kubeba maiti za wanajeshi. Wanamichezo walilalamikia uvundo na panya. Waogeleaji walifanyia mazoezi ndani ya tangi la turubai lililojazwa maji ya bahari.

Bwawa la Antwerp nalo lilichimbwa kwenye handaki la ngome kuukuu, maji yake meusi na baridi kali. Mkazi wa Kiambere, aliyezoea kulitazama bwawa la mto Tana bila kuona chini, anaweza kukisia hali ilivyokuwa, ila baridi ile haijui.

Humo Ross alishinda mita 400 kwa dakika 5 na sekunde 26.8, na mita 1,500 kwa dakika 22 na sekunde 23.2. Dhahabu ya tatu aliipata katika kuogelea kwa kupokezana, akiwa na Duke Kahanamoku na wenzao wawili.

Doa lilibaki katika mita 100. William Herald wa Australia alilalamika kwamba Ross alimzuia, na fainali ikarudiwa bila yeye.

Enzi hizo mwanamichezo wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa. Ross alilowea Chicago, akaingia redioni. Kipindi chake cha asubuhi kilidhaminiwa na kampuni ya reli ya Chicago and North Western, kikapewa jina la treni yake, 400, iliyosifiwa kwa kukata karibu maili 400 kwa dakika 400.

Mtu angetarajia bingwa huyo atangaze michezo. Yeye alicheza santuri za muziki wa klasiki, saa ambazo watu hunywa chai wakijiandaa kwenda kazini. Mameneja wengi wa redio, hata hapa kwetu, wangeona huko ni kujitakia hasara.

Vita Vikuu vya Pili vilimrudisha jeshini, akawa msaidizi wa Jenerali Jimmy Doolittle. Alifariki mwaka wa 1953 huko Evanston, jirani na Chicago. Mwanawe, aliyeitwa pia Norman Ross, naye alikuwa mtangazaji katika jiji hilo hilo.