William Halsted: akili nyingi hazikumkinga

Wanachuo wenzangu, hosteli tuna msemo wetu: anayetumia vitu amekosa nia tu, akiamua ataacha. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, ila maisha ya William Halsted yananipa sababu ya kuupinga.

Halsted alizaliwa New York mwaka 1852, akasoma Yale, kisha akawa daktari wa upasuaji anayetegemewa. Mwaka 1884 habari zikatoka Ulaya kwamba kokeini, dawa ya majani ya mmea wa koka, inatia ganzi jicho. Yeye na wenzake wakaanza kujidunga wenyewe ili waipime. Wakapata njia ya kutia ganzi neva moja tu, njia ambayo madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Lakini Halsted akanasa. Makala yake ya 1885 haisomeki. Sentensi zinazunguka tu, hazifiki popote.

Sasa, kichwani kulitokea nini? Seli za ubongo zikitoa dopamini, kemikali inayotufanya turidhike na kutaka tena, huirudisha ndani upesi. Kokeini huziba njia hiyo ya kurudi. Ikijaa siku baada ya siku, ubongo hupunguza vipokezi vyake, na mambo ya kawaida kama chakula, marafiki na kazi yanakosa ladha. Picha za ubongo za siku hizi zinaonyesha pia kwamba kwa watumiaji wa muda mrefu, sehemu ya mbele, ile ya kupanga na kujizuia, hufanya kazi kwa unyonge. Yaani dawa inaila hiyo hiyo nia tunayomdai mtu.

Mwaka 1886 alilazwa hospitali ya Butler, Providence. Baada ya hapo akawa mtegemezi wa mofini, inayotokana na afyuni. Ajabu ni kwamba sifa zake kubwa alizipata baadaye, Johns Hopkins, Baltimore: alileta glovu za mpira chumba cha upasuaji, akaanzisha mfumo wa kuwafunza wapasuaji vijana kwa ngazi. Rafiki yake, Dkt. William Osler, aliijua siri, na akaandika kwamba Halsted alishindwa kushusha dozi chini ya kiwango fulani. Alifariki 1922.

Kesho tutakuwa walimu. Mwanafunzi akinaswa, kumwambia ajikaze hakutoshi. Apelekwe kwenye matibabu mapema. Muhimbili wanatoa methadoni kwa waathirika wa heroini tangu 2011. Kama Halsted, na kichwa chake kile, hakuweza peke yake, mtoto wa kidato cha pili ataweza vipi?