Nizam al-Mulk: Waziri Aliyewawekea Wanafunzi Wakfu

Safari hii nawaletea maisha ya Nizam al-Mulk, kwa sababu yanatuhusu sisi tunaosoma huku tukihesabu siku za kulipa karo.

Jina lake hasa ni Abu Ali Hasan bin Ali. Alizaliwa mwaka 1018 karibu na Tus, Khurasan, katika Iran ya leo. Kwa takriban miaka 30 alikuwa waziri wa masultani wawili wa Waseljuki, Alp Arslan na mwanawe Malik Shah.

Mwaka 1065 alianza kujenga madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, ikafunguliwa 1067. Nyingine zilisimama Nishapur, Isfahan na kwingineko. Aliziwekea wakfu ili mapato yake yalipe walimu na kuwapa wanafunzi makazi na posho. Siku ya ufunguzi wa Baghdad, Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi, aliyeteuliwa kufundisha, hakutokea, kwani alisikia kwamba jengo limeingiwa na mali ya dhulma. Alikubali baadaye. Wanazuoni wa wakati ule waliuliza fedha za elimu zimetoka wapi.

Waziri huyu aliwaamini vijana. Mwaka 1091 alimkabidhi Imamu Ghazali kiti cha Nizamiyya ya Baghdad akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Kabla ya hapo, mwaka 1074, Omar Khayyam, mwanahisabati wa miaka 26, aliitwa Isfahan pamoja na wanafalaki wengine kuchunguza nyota. Kazi yao ilizaa kalenda ya Jalali mwaka 1079.

Tarehe 10 Ramadhani 485 Hijria, yaani Oktoba 1092, Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu njiani kwenda Baghdad. Mwezi uliofuata Malik Shah naye akafariki. Kituo cha nyota, kilichotegemea hazina ya sultani, kikakosa fedha na kazi ikasimama. Nizamiyya ya Baghdad ilikuwa na wakfu wake, ikabaki. Ibn Battuta aliikuta mwaka 1327, zaidi ya miaka 230 baadaye.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na nasema wazi: wakfu wa waziri ulilinda fiqhi, ukaiacha falaki mikononi mwa mtawala. Hata leo tunachangia misikiti na madrasa, na ni kheri kubwa. Lakini dada yetu aliyemaliza shahada ya kemia na anatafuta fedha za utafiti wake wa kwanza tunamwachia nani? Mchango wa Ijumaa moja huisha. Kodi ya duka moja la wakfu huja kila mwezi, na thawabu yake humfuata mwenye kuliweka hata akiwa kaburini.

Wahitimu wetu mtakaopata kazi, anzeni na duka hilo moja. Mwenyezi Mungu amrehemu Nizam al-Mulk na atujaalie mali ya halali ya kutumikia elimu. Amin.