Mgeni Aliyewaponya Wenyeji

Kila nifunzapo methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, humkumbuka Daktari Harold Moody. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka wa 1882, akaenda London mwaka wa 1904 kusomea udaktari. Alifuzu vyema, lakini akanyimwa kazi hospitalini kwa sababu ya rangi yake. Mwaka wa 1913 alifungua zahanati mtaani Peckham, akamwoa Olive Tranter, muuguzi Mwingereza. Wakajaliwa watoto sita. Watoto wa maskini aliwatibu bure. Weusi walionyimwa malazi aliwakaribisha nyumbani mwake. Mwaka wa 1931 aliasisi chama cha kutetea haki zao, akakiongoza hadi alipofariki mwaka wa 1947. Walimu wenzangu, tuwaeleze wanafunzi kwamba shahada iliyokataliwa hospitalini ndiyo iliyowaponya watu wa Peckham.