Mwalimu Nyerere: Falsafa ya Edinburgh na vijiji vya Ikungi

Na Mwandishi Wetu, Ikungi

MSAFIRI anayepita barabara kuu ya Singida kwenda Manyoni huona nyumba za Ikungi zimejipanga pamoja kandokando ya lami. Zamani Wanyaturu hawakuishi hivyo. Kila kaya ilikaa peke yake, jirani na shamba la uwele lililorutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wake.

Kisa cha mabadiliko hayo kinagusa mbali, hadi Uskoti, ambako Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alisomea shahada yake.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Baada ya masomo ya Tabora na Makerere, alifundisha baiolojia katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwalimu wa baiolojia angetarajiwa kusoma sayansi. Yeye alisoma sanaa: falsafa ya maadili, uchumi, historia, fasihi ya Kiingereza, anthropolojia na sheria ya katiba. Alihitimu mwaka 1952 kwa shahada ambayo Waskoti huiita MA, na wengi wetu huidhania kuwa ya uzamili. Ilikuwa shahada ya kwanza.

Falsafa haikumpa ufundi wa kujenga daraja wala kutibu homa. Ilimpa nafasi ya kutafakari mtu anadaiwa nini na jamii yake, na jamii inadaiwa nini na mtu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra zake za siasa zilikomaa huko.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, Uhuru ukapatikana Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata akatoa andiko lake kuhusu Ujamaa.

Mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, alishikilia kwamba watu hujiendeleza wenyewe, na kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimishana. Hapo alisema mwanafunzi wa Edinburgh.

Novemba 1973 alisema Rais: kuishi katika vijiji ni amri, nayo itimizwe ifikapo mwisho wa 1976. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa katika vijiji 7,684.

Shule na zahanati zilisogea karibu na wananchi, na hilo si dogo. Lakini kwa Mnyaturu, kuhama kulikuwa kuliacha shamba lenye samadi ya miaka mingi na kuanza upya kwenye udongo mkavu. Swali la Edinburgh, la mtu na jamii yake, lilijibiwa kwa haraka mno, tena bila mwenye shamba kuulizwa.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki dunia London Oktoba 14, 1999, na kuzikwa Butiama. Kufikia wakati huo, sehemu nyingi nchini, baadhi ya wakulima walikuwa wamekwisha kurejea kwenye mahame yao.