Thomas Jefferson: rais aliyenunua nusu ya nchi

Katika majira ya joto ya mwaka 1803, habari ziliwasili Washington kutoka Paris kwamba Marekani imeinunua Louisiana yote kutoka kwa Ufaransa. Halikuwa jimbo dogo lijulikanalo leo kwa jina hilo, bali eneo kubwa mno lililoanzia mto Mississippi hadi kwenye milima ya Rocky. Kwa dola milioni 15, taifa lililokuwa na umri wa miaka 27 tu lilijiongezea zaidi ya kilomita milioni mbili za mraba, na ukubwa wake ukakaribia kuwa maradufu.

Rais aliyepokea habari hizo, Thomas Jefferson, alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba serikali kuu isijitwalie madaraka ambayo katiba haikuyataja, na kwamba deni la taifa ni hatari kwa uhuru wake. Sasa alitakiwa kukopa fedha nyingi, na kutumia madaraka ambayo yeye mwenyewe alidhani hana. Alikubali. Uamuzi huo ndio uliofungua njia ya magharibi, na ndio ulioonyesha waziwazi kuliko mwingine wowote umbali uliokuwepo kati ya maandishi ya Jefferson na matendo yake.

Mwana wa mpima ardhi

Jefferson alizaliwa tarehe 13 Aprili 1743 huko Shadwell, Virginia, wakati huo ikiwa koloni la Uingereza. Baba yake, Peter Jefferson, alikuwa mpima ardhi na mchora ramani. Yeye na mwenzake Joshua Fry walichora ramani ya Virginia iliyotegemewa kwa miaka mingi. Mzee huyo, ambaye hakupata elimu ya darasani, alihakikisha kwamba mwanawe anaipata. Alipofariki mwaka 1757 alimwachia kijana huyo wa miaka 14 urithi wa maelfu ya ekari, pamoja na watumwa wa kuzilima.

Kijana Thomas alisoma katika chuo cha William and Mary mjini Williamsburg, kisha akasomea sheria na kuingia katika baraza la kutunga sheria la Virginia mwaka 1769. Hakuwa msemaji hodari wa jukwaani, lakini kalamu yake haikuwa na mfano. Kwa sababu hiyo, mwaka 1776, akiwa na umri wa miaka 33, alikabidhiwa kazi ya kuandika rasimu ya Azimio la Uhuru, lililosema kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa.

Mtu aliyeandika hayo alimiliki katika maisha yake zaidi ya watumwa 600.

Kura moja iliyokosekana

Mwaka 1784, akiwa mjumbe katika Congress, Jefferson aliandaa mpango wa kutawala ardhi zilizokuwa magharibi ya milima ya Appalachia. Alipendekeza kwamba ardhi hizo zisiwe makoloni ya majimbo ya zamani. Zikishapata watu wa kutosha, ziingie katika muungano zikiwa majimbo yenye haki sawa na yale ya kwanza. Mwaka uliofuata Congress ilipitisha sheria ya kuipima ardhi hiyo katika viwanja vya mraba na kuiuza. Yeyote anayeruka leo kwa ndege juu ya Ohio au Kansas huiona mistari hiyo iliyonyooka, kana kwamba nchi imekatwa kwa rula.

Katika mpango ule wa 1784 kulikuwa na kifungu kimoja zaidi: baada ya mwaka 1800, utumwa upigwe marufuku katika ardhi zote za magharibi. Kifungu hicho kilianguka kwa upungufu wa kura ya jimbo moja. Mjumbe mmoja wa New Jersey alikuwa mgonjwa siku hiyo, na jimbo lake halikuweza kuhesabiwa. Miaka mitatu baadaye utumwa ulipigwa marufuku kaskazini ya mto Ohio, lakini kusini mlango ukabaki wazi. Jefferson alisikitika sana. Hata hivyo, alipopata madaraka makubwa zaidi, hakulirudia pambano hilo.

Mto na bandari yake

Baada ya kuwa balozi nchini Ufaransa, Waziri wa Mambo ya Nje na Makamu wa Rais, Jefferson aliapishwa kuwa rais wa tatu mwezi Machi 1801. Fikra yake juu ya taifa ilikuwa wazi: nchi ya wakulima wadogo, kila mmoja akiwa na shamba lake na asiyemtegemea tajiri yeyote. Ndoto hiyo ilihitaji ardhi, na ardhi ilikuwa magharibi.

Lakini wakulima wa Kentucky, Tennessee na Ohio hawakuwa na barabara ya kuvusha mazao yao milimani. Unga, tumbaku na nyama ya nguruwe vilipakiwa kwenye mashua na kuteremshwa kwa mto Mississippi hadi New Orleans, na huko vikahamishiwa kwenye meli za baharini. Aliyeishika bandari hiyo aliishika roho ya magharibi yote.

Bandari ilikuwa mikononi mwa Uhispania, ambayo mwaka 1795 ilikubali Wamarekani wahifadhi mizigo yao hapo. Mwaka 1800, kwa mkataba wa siri, Uhispania iliahidi kuirejesha Louisiana kwa Ufaransa. Uhispania dhaifu ilikuwa jirani wa kuvumilika. Napoleon Bonaparte hakuwa. Kisha Oktoba 1802 afisa wa Kihispania mjini New Orleans aliifuta haki ya kuhifadhi mizigo, na huko magharibi watu wakaanza kuzungumzia vita.

Jefferson alichagua kununua. Robert Livingston, balozi wake mjini Paris, alikuwa tayari katika mazungumzo, na Januari 1803 rais alimteua James Monroe kwenda kumsaidia. Maagizo yao yalikuwa ya kiasi: wainunue New Orleans, na ikiwezekana Florida, kwa fedha zisizofika dola milioni 10. Hakuna aliyewatuma kununua nusu ya bara.

Deni kwa Haiti

Biashara hiyo iliamuliwa katika kisiwa cha Karibiani. Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, ilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa kwa sababu ya sukari na kahawa yake. Mwaka 1791 watumwa wake waliasi, na chini ya uongozi wa Toussaint Louverture wakawa mabwana wa nchi. Napoleon alikusudia kuirudisha koloni hiyo mikononi mwake, na Louisiana iwe ghala la kuilisha.

Alituma makumi ya maelfu ya wanajeshi. Toussaint alikamatwa kwa hila mwezi Juni 1802 na kupelekwa Ufaransa, lakini vita havikuisha. Watu waliposikia kwamba utumwa umerudishwa katika kisiwa cha Guadeloupe, walipigana kwa ukali zaidi, na homa ya manjano ikawamaliza Wafaransa waliosalimika na risasi. Jenerali Leclerc, shemeji yake Napoleon, alikufa kwa homa hiyo mwezi Novemba 1802.

Bila Saint-Domingue, Louisiana haikuwa na maana kwa Napoleon, ambaye alikuwa akihitaji fedha kwa vita vipya na Uingereza. Tarehe 7 Aprili 1803 Toussaint Louverture alifariki katika gereza la baridi kali la Fort de Joux. Siku nne baadaye, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Talleyrand, alimuuliza Livingston Marekani ingelipa kiasi gani kwa Louisiana nzima.

Watu weusi wa Haiti ndio waliomwezesha Jefferson kuipata magharibi. Malipo yao yalikuwa machungu. Haiti ilipotangaza uhuru mwaka 1804, Jefferson hakuitambua, na mwaka 1806 alitia saini sheria ya kupiga marufuku biashara nayo. Marekani iliitambua Haiti mwaka 1862.

Katiba yawekwa kando

Mkataba uliandikwa tarehe 30 Aprili 1803. Bei yake ilikuwa kama senti tatu kwa ekari. Fedha hazikuwepo kwenye hazina, hivyo zilikopwa kupitia nyumba ya Baring ya London na ya Hope ya Amsterdam. Kwa namna hiyo benki ya Kiingereza ilimpa Napoleon fedha wakati nchi yake mwenyewe ikiwa vitani naye.

Katiba ya Marekani haikusema popote kwamba rais anaweza kununua nchi. Jefferson alilijua hilo, akaandika rasimu za marekebisho ya katiba ili kuuhalalisha ununuzi. Lakini kutoka Paris zilikuja tahadhari kwamba Napoleon angeweza kubadili nia. Rais akazikunja rasimu zake na kuliachia Baraza la Senate, ambalo liliuidhinisha mkataba tarehe 20 Oktoba kwa kura 24 dhidi ya 7. Tarehe 20 Desemba bendera ya Ufaransa ilishushwa New Orleans na ya Marekani ikapandishwa. Wakazi wa mji huo, Wafaransa, Wahispania, Waafrika huru na watumwa, hawakuulizwa. Ridhaa ya wanaotawaliwa haikuwa sehemu ya mkataba.

Nchi yenye wenyewe

Hata kabla ya ununuzi, Jefferson alikuwa ameiomba Congress kwa siri dola 2,500 za kugharimia msafara wa kwenda hadi bahari ya Pasifiki. Msafara huo, ukiongozwa na Meriwether Lewis na William Clark, uliondoka Mei 1804 na kurejea St. Louis Septemba 1806 ukiwa na ramani na habari za mito, wanyama na watu. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo Sacagawea, mwanamke kijana wa kabila la Shoshone aliyesafiri na mtoto wake mchanga mgongoni, na York, mtumwa wa Clark, aliyestahimili taabu zote za wenzake. Wanajeshi wa msafara walipewa ardhi na mishahara. York alirudi utumwani.

Jambo walilolithibitisha wasafiri hao ni kwamba nchi haikuwa tupu. Waosage, Wamandan, Walakota, Wapawnee na wengine wengi waliishi humo kwa vizazi na vizazi, na wala hawakupata kumuuzia Napoleon chochote. Alichokinunua Jefferson hasa kilikuwa haki ya kuwatangulia mataifa mengine ya Ulaya katika kuichukua ardhi hiyo kutoka kwa wenyewe. Mwaka 1808 Waosage walishinikizwa kutia saini mkataba uliowanyang'anya sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas ya leo.

Mbinu hazikuwa siri ndani ya serikali. Katika barua ya mwaka 1803 kwa gavana wa Indiana, Jefferson alieleza kwamba ingefaa machifu waachwe wajitie madeni katika maduka ya serikali, kisha wayalipe kwa ardhi. Aliona pia kwamba Louisiana ingefaa kuwa mahali pa kuyahamishia makabila ya mashariki. Wazo hilo lilikuja kuwa sheria mwaka 1830, na mwaka 1838 Wacherokee walitolewa makwao kwa nguvu. Maelfu yao walikufa.

Pamba na minyororo

Wakulima wadogo wa ndoto ya Jefferson walikwenda magharibi kweli, nao wakaanzisha miji na majimbo. Lakini kusini, ardhi mpya ilichukuliwa na wenye mashamba makubwa ya miwa na pamba. Mwaka 1807 Jefferson alitia saini sheria ya kukomesha uingizaji wa watumwa kutoka nje. Biashara ya ndani haikuguswa, na New Orleans ikawa soko kubwa kuliko yote la kuuzia watu. Hadi miaka ya 1860, takriban watu milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kupelekwa kwenye mashamba ya kusini na magharibi, wengi wao wakitenganishwa na wazazi, waume au watoto wao.

Pamba hiyo ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Viwanda vya Massachusetts viliifuma kuwa kitambaa, meli za Salem zikakipeleka Unguja, na Waswahili wakakiita merikani.

Mwaka 1820 Congress ilipogombana kama Missouri, jimbo lililokatwa ndani ya Louisiana, liruhusiwe kuwa na utumwa, mzee Jefferson aliingiwa na hofu akiwa nyumbani kwake Monticello. Aliona kwamba mstari uliochorwa kugawanya nchi mbili, ya watumwa na ya watu huru, siku moja ungeuvunja muungano. Hakukosea. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na chanzo chake kikubwa kilikuwa swali lile lile ambalo kura moja ya mwaka 1784 ingeweza kulijibu mapema.

Mnada na kaburi

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru, siku hiyo hiyo aliyofariki rais aliyemtangulia, John Adams. Aliacha deni la zaidi ya dola 100,000. Katika wasia wake aliwaacha huru wanaume watano tu, wote wa ukoo wa Hemings. Wawili kati yao walikuwa watoto wa Sally Hemings, mtumwa ambaye wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba Jefferson alizaa naye. Januari 1827 wengine 130 walipigwa mnada Monticello ili kulipa deni.

Yeye mwenyewe alikuwa ameacha maelekezo ya maneno ya kuchongwa kwenye kaburi lake. Alitaka akumbukwe kwa mambo matatu: kuandika Azimio la Uhuru, kuandika sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, na kuanzisha Chuo Kikuu cha Virginia. Urais hakuutaja. Wala hakuitaja Louisiana, ambayo majimbo 15 ya leo yako ndani yake yote au sehemu yake, na ambayo ndiyo iliyobadilisha sura ya bara lake kuliko jambo lolote alilolichagua likumbukwe.