Tippu Tip alihesabu frasila, sisi tunahesabu nini?

 

Ndugu msomaji, kila mwanadamu ana kitu anachokihesabu. Mfugaji anahesabu ng'ombe, mwenye duka anahesabu mauzo ya siku, mfanyakazi anahesabu siku zilizobaki kufikia mshahara. Ukitaka kujua mtu anathamini nini, usimuulize, kwani atakujibu vizuri tu. Msikilize anahesabu nini bila ya kuulizwa.

Leo napenda tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake halikosekani katika historia ya Tabora na njia ya misafara iliyopita hapa. Naye ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Tabora, na kila tunapofika kwenye historia ya Uislamu Afrika Mashariki, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: Je, huyu ni shujaa wetu, au ni aibu yetu? Swali hilo linastahiki jibu la kiadilifu. Wapo waandishi waliomtumia mtu huyu kuuchafua Uislamu, na wapo Waislamu ambao kwa kuona hivyo wamemtetea kwa kila jambo alilolifanya. Njia zote mbili hazitufai. Sisi tunayo mizani yetu wenyewe.

Hamed alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makazi huku Unyanyembe, akaoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo Tabora haikuwa kituo cha kupita tu kwa kijana Hamed, bali ilikuwa nyumbani kwa baba yake. Alianza biashara angali mdogo, akichuuza sandarusi katika safari fupi. Alipofika umri wa miaka 18 hivi, akapanda bara pamoja na baba yake.

Tabora ya wakati ule ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikatua hapa baada ya miezi mitatu hivi ya kutembea kwa miguu. Kutoka hapa njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika hadi Manyema, nyingine ilielekea Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi katika njia zote hizo. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipanda bara. Pembe za ndovu na watumwa wakateremshwa pwani.

Mwaka 1867 Hamed alipigana na mtawala mmoja mwenye nguvu aitwaye Nsama, katika nchi ya Itabwa, kusini magharibi mwa ziwa Tanganyika. Akamshinda kwa bunduki. Kwa hesabu yake mwenyewe, alichukua humo frasila 1,950 za pembe. Frasila moja ni kiasi cha kilo 16, na mpagazi hubeba kama frasila mbili. Piga hesabu, ndugu msomaji. Ni tani zaidi ya 30, mzigo wa watu wapatao elfu moja kwa siku nyingi za safari. Naam, Qur'ani Tukufu katika Suratul Qasas inatusimulia habari za Qarun, ambaye funguo za hazina zake tu zilikuwa zikiwaelemea watu wenye nguvu. Sisi huku njia ya msafara ilipita hazina iliyowaelemea watu elfu, nayo ilikuwa ya mtu mmoja.

Jina la Tippu Tip linasemwa kuwa lilitokana na mlio wa bunduki zake. Lakini alikuwa na jina jingine pia, Mkangwanzara, maana yake mtu ambaye haogopi vita, anaogopa njaa tu. Kwa mfanyabiashara wa bara hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kwa Muislamu ni jina la kulitafakari, kwa sababu sisi tumefundishwa kuwa yupo Mmoja wa kuogopwa kabla ya vita na kabla ya njaa.

Aliendelea mbele hadi nchi ya Utetera, katika Kongo ya leo. Huko alisikia kwamba zamani mabinti wa ukoo wa kichifu walichukuliwa mateka na hawakurudi. Basi akajitambulisha kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee yule akaamini, akamkabidhi utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwake kama kodi. Wanahistoria wengi wanaona kisa kile cha ujukuu kilikuwa cha kutunga. Hebu tulitafakari jambo hili. Mtu huyu alijua fika uchungu wa familia iliyonyang'anywa binti yake. Aliujua kiasi cha kuweza kuutumia kama ngazi ya kupandia. Na katika njia ile ile mabinti wa watu wengine waliendelea kuteremshwa pwani, wala hawakuwa na mjukuu wa kurudi kuwadai.

Baada ya hapo dunia ikaanza kumfuata. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alimkodi amsindikize kutoka Nyangwe kuufuata mto Kongo, kwa ahadi ya dola 5,000. Katika maelezo yake Hamed analalamika kwamba, pamoja na ahadi nyingine nyingi alizopewa, kilichomfikia baadaye kutoka kwa Stanley ni picha ya Stanley mwenyewe. Mwaka 1887 Stanley akarudi tena, safari hii kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Hamed akakubali kuwa liwali wa Dola Huru ya Kongo huko Stanley Falls, ambako leo panaitwa Kisangani. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akikusanya kodi ya pembe kwa tani sasa akawa mwajiriwa wa mfalme ambaye hakupata hata kuikanyaga Kongo.

Mwaka 1890 aliondoka Kongo, akapita hapa Tabora ambako aliugua, kisha akafika Zanzibar mwaka 1891. Hakurudi tena. Wakati huo Stanley alikwishafungua kesi Zanzibar akimdai pauni 10,000. Kesi ile haikufika mbali, lakini utulivu haukupatikana. Mwaka 1892 vita vikaanza baina ya Wabelgiji na wafanyabiashara wa Manyema. Mwaka 1893 Nyangwe ikaanguka, Kasongo ikaanguka, na mwanawe Sef akauawa. Mwaka huo huo hapa Tabora Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike, naye akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Kisha Hamed akaingia kwenye mashauri ya mali na mshirika wake wa zamani, Muhammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza.

Mali iliyobaki ilikuwa nyingi bado. Inatajwa kuwa katika miaka ya 1890 alikuwa na mashamba saba Unguja na watumwa wapatao 10,000. Mwaka 1897 sheria ikauondoa utumwa Zanzibar. Juni 1905 Hamed akafariki kwa malaria, akazikwa Zanzibar. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba maiti hufuatwa na vitu vitatu hadi kaburini: jamaa zake, mali yake na amali yake. Viwili hurudi nyumbani, akabaki na kimoja. Katika mazishi ya mwaka ule, mbu mmoja wa malaria alikuwa ameifunga hesabu ya frasila zote.

Kabla ya kufa aliacha kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili, nacho Mjerumani Heinrich Brode akakichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu muhimu katika historia ya lugha yetu. Ndani yake mzee huyu anakumbuka safari, vita, madeni na frasila za miongo mingi iliyopita, kana kwamba zilipimwa jana. Anayetafuta humo habari za darsa na madrasa atatafuta sana. Sisemi kwamba hakuwa na imani. Alikuwa Muislamu, na wageni waliokutana naye wamemweleza kuwa mtu mwenye adabu na ukarimu. Yaliyomo moyoni mwake anayajua Mola wake, si mimi. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu ya mtu hubeba kile alichokihifadhi zaidi.

Na pembe zenyewe zilikwenda wapi? Nyingi zilisafirishwa Ulaya na Marekani. Huko zikachongwa vitana, mipira ya mchezo wa biliadi na vibao vya kinanda cha piano. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, upo mji uliopewa jina la Ivoryton kwa ajili ya viwanda vya pembe hizo. Leo vibao vya kinanda ni vya plastiki, na biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989. Vijiji vilichomwa moto na watoto walitenganishwa na mama zao kwa ajili ya kitu ambacho leo hakihitajiki hata kwa mchezo.

Sasa, ndugu msomaji, tumtazame mtu mwingine wa zama zile zile. Katika nchi za Manyema alizaliwa mtoto aliyekamatwa na kupelekwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Hakuna aliyemhesabu ila kwa bei yake. Mtoto huyo akasoma Qur'ani, akasoma elimu ya dini, akapata uhuru wake, akafanya biashara na kilimo, akawa mwanachuoni. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Twariqa ya Qadiriya pale Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931. Watu walimiminika kusoma kwake, na wanafunzi wake wakatawanyika sehemu nyingi za nchi.

Hapa Tabora napo Uislamu haukuenezwa kwa nguvu za matajiri wa pembe. Hao walikuja kutafuta mali. Dini ilishuka kwa wananchi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi ya walimu na masheikh, akiwemo Sheikh Zahor bin Mohamed wa Qadiriya, na kwa wapagazi, waliokuwa watumwa na wake zao, waliofundishana kusoma kwa ubao na wino. Njia ilikuwa ile ile moja. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alikibeba.

Nieleweke vizuri. Uislamu haukatazi mali. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa tajiri. Sheikh Ramiya mwenyewe alikuwa na mashamba. Lakini mizani yetu iko wazi. Qur'ani katika Suratul Balad imekufanya kumwacha huru mtumwa kuwa ni kuupanda mlima mgumu wa wema, na katika zaka limo fungu la kuwakomboa watumwa. Kwa mizani hiyo siwezi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mwenye watumwa elfu kumi ni shujaa wa Uislamu, eti kwa sababu alikuwa Muislamu na maadui zetu wamemsema. Aidha sikubali aitwe kipimo cha Uislamu. Kipimo ni Qur'ani, na yeye atapimwa kwayo kama sisi tutakavyopimwa.

Na sisi je? Mzazi wa leo anajua bei ya kila simu mpya, anajua ada ya masomo ya ziada ya mwanawe, lakini hajui mwanawe amefika juzuu ya ngapi. Tunajenga nyumba ya vyumba vingi, na ustadhi wa madrasa ya mtaani anawalipia chaki watoto wetu kwa pesa yake. Tuna viwanja, lakini ni wangapi wameandika wakfu hata wa mti mmoja wa mwembe? Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba mtu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemuombea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa kwa frasila.

Basi wiki hii, kabla ya swala ya Ijumaa, kila mmoja wetu achukue karatasi. Upande mmoja aandike anachokihesabu kila siku. Upande wa pili aandike watoto aliowafundisha au kuwasomesha dini, deni la mtu alilolisamehe, na wakfu alioutoa. Akiuona upande wa pili mtupu, ajue bado yuko hai na kalamu iko mkononi mwake.